Bilauri zenye uzi mweupe shinani: ni za kale kweli?

*"Shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, niko Uingereza mwaka wa tatu sasa, na nimeingiwa na mapenzi ya vyombo vya kale vya kioo. Kila Jumapili huenda kwenye soko la uwanjani, lile la watu kuuza vitu vya nyumbani kwenye buti za magari. Wiki mbili zilizopita nilinunua bilauri tatu ndogo zenye shina refu. Ndani ya shina mna uzi mweupe uliosokotwa kama kamba. Muuzaji alisema ni za karne ya 18, nikampa pauni 90 kwa zote. Nilichukua pia dekanta, ile chupa ya kioo ya kumiminia divai, yenye kizibo chake, ila ndani ina ukungu usiotoka. Mwenzangu ananiambia kioo cha kale hujulikana kwa uzito, mapovu na mlio, na bilauri zangu zinalia kweli zikigongwa. Je, nimepata au nimepigwa? Ukungu utatoka? Naweza kuwatilia wageni sharubati? Nina pauni 200 nyingine, nianzie wapi? Halafu mamangu huko nyumbani ana mrashi mwekundu wa kioo wenye nakshi za dhahabu, ulikuwa wa nyanyake. Nao ni wa Ulaya?"*

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza mengi kwa mpigo, lakini naona linalokukosesha usingizi ni zile pauni 90. Bilauri zako sijazishika mkononi, kwa hiyo sitakuambia ni za kale wala si za kale, na yeyote atakayekukatia hukumu kwa maelezo ya maandishi tu usimwamini. Nitakuonyesha pa kutazama. Ukimaliza kusoma, ziteremshe kabatini uziweke mezani penye mwanga wa dirisha, na mengi utayaona mwenyewe.

Kwanza tuyaondoe hayo ya mwenzako. Mlio hauhesabu miaka. Mlio ule mrefu wa kengele hutokana na madini ya risasi yaliyomo ndani ya kioo, pamoja na umbo la chombo. Mfanyabiashara wa London, George Ravenscroft, alipata hati ya hakimiliki mwaka 1674 kwa kioo alichokusudia kifanane na jiwe la fuwele. Vyombo vyake vya mwanzo viliugua: vilitoka unyevu na kujaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Alirekebisha mchanganyiko, akaongeza oksidi ya risasi, na kufikia 1677 aliruhusiwa kubandika muhuri wa kichwa cha kunguru kwenye kazi zake. Tangu hapo Waingereza wakawa na kioo kizito, laini kwa kukata, chenye mlio. Lakini glasi ya kristali yenye risasi iliyotoka dukani jana nayo italia. Na kioo cha Venice cha miaka ya 1500, ambacho watu hukiwekea ulinzi makumbusho, hakina risasi na mlio wake ni mfupi. Kwa hiyo mlio unakuambia "huenda kuna risasi humu", basi. Ukisikia mlio mfu, kama wa chungu kilichopasuka, tafuta ufa.

Hapa naomba nitoke kidogo kando, maana jambo hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Neno letu *bilauri* tumelipata kwa Waarabu, na kwao lilikuwa jina la lile jiwe la fuwele. Jina la jiwe ambalo Ravenscroft alikuwa akihangaika kuliiga ndilo ambalo wazee wetu wa pwani walikuwa wakikiita chombo cha kunywea.

Mapovu nayo ni habari ya joto la tanuri na haraka ya fundi. Leo kuna viwanda vinavyoyaacha mapovu makusudi ili glasi ionekane ya zamani. Na uzito unaweza kukupoteza kabisa kwa vyombo vya aina uliyonunua. Mwaka 1745 serikali ya Uingereza iliweka ushuru wa kioo uliopimwa kwa uzito, na haukuondolewa mpaka 1845. Fundi akilipishwa kwa ratili hupunguza kioo na kuongeza pambo. Ndiyo maana katikati ya karne hiyo bilauri nene zenye mashina ya mafundo makubwa zilipungua, zikashika nafasi zenye mashina membamba yaliyojaa nakshi: kwanza nyuzi za hewa, kisha nyuzi nyeupe kama zako. Hizi za nyuzi nyeupe zilitawala tangu takriban 1755 hadi 1780. Kwa hiyo muuzaji alipotaja karne ya 18 hakutunga. Bilauri za namna hiyo zilikuwepo kweli. Shaka yetu ni kama hizi tatu ndizo zenyewe au ni nakala, kwa sababu mtindo huu ulipendwa tena mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, na nyingi zilifanywa bila nia ya kumdanganya mtu. Udanganyifu huingia baadaye, pale anayeuza anapokaa kimya.

Ule uzi, fundi alipanga vijiti vya kioo cheupe kwa duara ndani ya kalibu, akamimina katikati kioo cha moto kisicho na rangi kikashikana navyo, kisha wawili wakakivuta kwa kurudi nyuma huku wakikisokota, mpaka kikawa ufito mrefu wenye kamba ndani. Ufito ukakatwa vipande, kila kipande shina moja. Kumbuka hilo, maana ni kazi ya mikono mwanzo mpaka mwisho, na mikono huacha alama.

Sasa chukua moja, uigeuze kichwa chini.

Tazama kitako. Bilauri ya wakati ule huwa na kitako kipana kulingana na mdomo wake, mara nyingi kimeuzidi. Pima kwa rula. Kikiwa chembamba kuliko mdomo, shaka yako ianze hapo. Kisha iweke wima uitazame kwa ubavu, macho yakiwa sawa na meza: kitako cha zamani huinuka kama paa la msonge, hakilali bapa. Kuna sababu. Fundi akitaka kumalizia mdomo wa bilauri alikuwa akigandisha ufito wa chuma chini ya kitako ili apate pa kushikia, na akiubandua unabaki na kovu, kipande cha kioo kilichomeguka chenye ncha kali. Kitako kikiwa bapa, kovu lile lingekwaruza meza ya mwenye nyumba. Kwa hiyo walikiinua. Pitisha kidole taratibu katikati chini. Ukihisi kovu gumu, ni dalili nzuri, ingawa haitoshi, kwa kuwa aliyenakili naye anaweza kuacha kovu. Kovu likiwa limesagwa likawa duara laini kama sarafu, mara nyingi tunazungumzia kazi za baadaye, ingawa vyombo vya gharama vilisagwa mapema.

Linalonishawishi mimi kuliko yote ni mikwaruzo. Nunua lenzi ya sonara, ile inayokuza mara 10, ni pesa kidogo tu. Tazama ule ukingo wa chini unaogusa meza. Bilauri iliyosukumwa juu ya meza kwa miaka zaidi ya 200 itakuwa na mikwaruzo ya kila namna: mirefu na mifupi, yenye kina na isiyo na kina, imekatizana huku na huko, mingine imekwisha kulainishwa na mikwaruzo iliyokuja baada yake. Ipo pale tu ambapo kitako hugusa. Kitako hakikai sawasawa kamwe, hivyo upande mmoja utakuwa umechakaa zaidi. Ukiona mikwaruzo yote imelala upande mmoja, ya kina kimoja, kama mistari ya daftari, hiyo ni kazi ya msasa. Ukiikuta hata mahali ambapo hapagusi meza, ni hivyo hivyo. Na ukikuta kitako safi kabisa, jiulize bilauri hii ilikaa wapi miaka yote hiyo.

Halafu ilaze juu ya karatasi nyeupe, pembeni yake weka glasi mpya ya dukani. Kioo cha risasi cha wakati ule mara nyingi kina rangi ya kijivu kwa mbali, kama maji yaliyotiwa tone la wino. Ukiizungusha kwenye mwanga utaona mistari hafifu kwenye kombe (pale panapotiwa kinywaji) na kitako, alama za vifaa vya fundi. Nakala nyingi ni angavu kupita kiasi.

Mwisho zipange tatu kwa mstari. Watu wengi hufurahia zikilingana. Mimi zikilingana sana huingiwa na wasiwasi. Mikono ya mtu haitoi tatu sawasawa. Nategemea moja iizidi nyingine kwa milimita kadhaa, vitako vitofautiane, uzi wa moja ubane zaidi ya wa pili. Kagua pia midomo yake. Mdomo wa asili ulilainishwa kwa moto, ukiushika ni mviringo. Ukikuta umekaa bapa juu wenye kona, umesagwa ili kuondoa pengo, na hilo hupunguza thamani hata kama bilauri ni ya kale kweli.

Kuhusu bei: bilauri halisi ya uzi mweupe isiyo na kasoro, mnadani mara nyingi huvuka pauni 100 peke yake. Zako zikipita mitihani hii umepata sana. Zikishindwa, umelipa pauni 30 kwa kila nakala ya kazi ya mkono, na hilo halikufilisi.

Mimi nililipa ada kubwa zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua chombo cha maua chenye jina la Gallé, kwa pesa niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya nauli ya kwenda Tanga. Émile Gallé alikuwa bingwa wa Nancy, Ufaransa, aliyefariki 1904, na kazi zake zimenakiliwa sana. Nakala zilizotoka Romania zilikuja na neno TIP karibu na jina, yaani "mtindo wa". Wajanja hulisugua neno hilo likatoka. Kwenye chombo changu palikuwa na kisehemu kilaini cha ukubwa wa ukucha, kando tu ya jina, na mimi nilikipapasa nikadhani ni hitilafu ya tanuri. Tangu siku hiyo saini huisoma mwisho, baada ya kitako, mikwaruzo na ukingo.

Sasa dekanta. Ukungu ni wa aina mbili, na kwa macho hufanana. Wa kwanza ni chokaa ya maji iliyoganda ndani. Huo hutoka: tia siki nyeupe vuguvugu, iache usiku kucha, suuza, rudia mara mbili tatu. Vidonge vya kusafishia meno ya bandia pia husaidia. Usitie mchanga wala kokoto ukatikisa, utakwaruza. Aina ya pili ni kioo chenyewe kuliwa. Maji au divai ikikaa ndani miaka, hunyonya madini ya alkali kutoka kwenye uso wa kioo na kuuacha na vishimo vidogo mno visivyoonekana, vinavyotawanya mwanga. Hapo hakuna uchafu wa kutoa. Ukilowesha, unyevu hujaza vile vishimo na dekanta hung'aa. Ikikauka ukungu hurudi. Wauzaji wengine hupaka mafuta ndani kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo ukinunua tena pitisha kidole mdomoni mwa dekanta, kisha unuse. Wapo mafundi wanaoweza kusugua ndani kwa mashine na poda laini, lakini wanaondoa kioo, na gharama huweza kuzidi bei ya dekanta. Jaribu siki kwanza. Ikishindikana baada ya mara tatu, iache.

Baada ya kuosha, ikaushe kabisa bila kizibo. Kizibo kilichofungwa juu ya unyevu ndicho kinachoanzisha ugonjwa. Na chochote cha kale usikitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo.

Sharubati kwa wageni? Kwenye bilauri, ukimimina na watu wakanywa papo hapo, sina pingamizi kwa mtu mzima, siku moja moja. Hatari iko kwenye kuhifadhi, kwa kuwa kinywaji chenye asidi hunyonya risasi kidogo kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 uliweka divai yenye mikrogramu 89 za risasi kwa lita ndani ya dekanta tatu za kristali. Baada ya miezi minne kila moja ilikuwa imevuka mikrogramu 2,000. Sharubati ya ukwaju au ya ndimu ni chachu, usiilaze humo hata usiku mmoja. Wajawazito na watoto wape glasi za kawaida. Dekanta yenye ukungu mimi nisingeitumia kabisa kwa kinywaji, maana uso wake umekwisha kuharibika.

Pauni 200 usiimalize mara moja. Kama ningeanza upya, ningeanza na kioo cha kushindiliwa kwenye kalibu, kile cha viwanda vya kaskazini mashariki ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 19: Sowerby wa Gateshead, Davidson, Greener. Watu wanakipita kwa sababu si cha kupuliziwa, nami nasema ndiyo shule bora kwa anayeanza, kwani vingi vyake vina alama inayosomeka. Kati ya 1842 na 1883 bidhaa zilizosajiliwa ziliweza kuwa na alama ya almasi yenye herufi na namba za tarehe. Tangu 1884 zikawa na namba zinazotanguliwa na Rd. Sowerby walitia kichwa cha tausi. Kumbuka tu kwamba tarehe ile ni ya kusajiliwa kwa muundo, na chombo chenyewe chaweza kutengenezwa miaka kadhaa baadaye. Vipo vingi vya chini ya pauni 20. Ukishashika 10 ambavyo umri wake unaujua kwa hakika, mkono wako utaanza kukuambia habari za vile visivyo na alama.

Pauni nyingine 20 au 30 nunua bilauri moja ya kweli ya karne ya 18 iliyomeguka kitako, kwa muuzaji anayeandika risiti yenye umri na kasoro zake. Mbovu lakini ya hakika ni mwalimu. Tochi ya mwanga wa urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti, inafaa kuonyesha gundi ya matengenezo na kioo cha urani kinachowaka kijani, lakini usiifanye kipimo cha umri: urani ilianza kutiwa kwenye vioo vya Bohemia miaka ya 1830 na iliendelea hadi karne ya 20.

Halafu nenda ukaone. Ukumbi wa vioo wa makumbusho ya Victoria and Albert, London, kuingia ni bure. Makumbusho ya kioo ya Stourbridge, pale Wordsley, yalifunguliwa 2022 katika eneo lililopuliza kioo kwa karne nne. Lakini kwenye makumbusho huruhusiwi kushika, kwa hiyo nenda pia siku za maonyesho ya minada, kabla ya kuuza. Omba kwa adabu, shika kwa mikono miwili, shikia kwenye kombe wala usibebe kwa shina, na muulize mtaalamu wa hapo. Mpelekee na hizo tatu zako. Nyumba nyingi za mnada hutoa makadirio bila malipo. Usilipe pesa ya kukuuma kwa chombo chochote kabla ya mtu wa namna hiyo kukishika. Na ukikuta chombo kinateleza au kinanata ingawa umekiosha, au kina matone ya unyevu yanayorudi, hicho ni kigonjwa. Kipeleke kwa mhifadhi wa vioo, usikitibu nyumbani.

Nimeuweka mrashi mwisho kwa sababu ndio ninaoutamani kuuona. Ndiyo, inawezekana kabisa ni wa Ulaya. Mafundi wa Bohemia, nchi iliyo leo ndani ya Jamhuri ya Cheki, katika karne ya 19 walitengeneza mirashi, vyombo vya buruma (kiko cha maji) na bilauri zenye nakshi za dhahabu makusudi kwa wateja wa Uturuki, Iran na India, kwa maumbo waliyoyapenda wateja hao. Kutoka masoko hayo hadi Unguja na Mombasa ni safari ya jahazi.

Mwombe mama akupigie picha za karibu, mchana, bila kutumia mwanga wa simu. Aanze na mahali ambapo kioo kimechongwa. Friedrich Egermann wa Bohemia aligundua mwaka 1832 namna ya kupaka wekundu mwembamba juu ya kioo kisicho na rangi na kuuchoma ukashika. Kwenye chombo cha namna hiyo mchongo huonyesha kioo kisicho na rangi mara moja, na wekundu ni kama rangi ya kucha. Wekundu ukiwa na unene unaoonekana ukingoni mwa mchongo, ni tabaka la kioo kingine lililovikwa. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni namna ya tatu. Apige pia chini ya kitako, na shingo mahali inapoungana na tumbo, maana mirashi mingi imevunjika hapo ikaungwa. Na wakati ungali na wa kumuuliza, muulize uliingiaje nyumbani: uliletwa na nani, kwa harusi ya nani. Andika kwa tarehe na majina.

Mwambie asiusugue kwa limau wala majivu, dhahabu itaondoka. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha, tena asipite juu ya nakshi. Marashi yasikae humo. Baada ya sherehe umwagwe, usuuzwe, ukauke. Na tafadhali usiulete huku kwa sasa. Nyumba za Ulaya zenye hita huwa kavu mno wakati wa baridi, na kioo kilichozoea hewa ya pwani kwa vizazi, kama kina ugonjwa uliojificha, kinaweza kuanza kufanya nyufa miezi ya mwanzo tu. Ubaki kabatini kwa mama, mlango ukiachwa wazi kidogo upate hewa, nawe nitumie picha.